Bibi Aniwekea Vikwazo vya Mahamri

Jumatano usiku

Eti adui ni mimi. Na aliyeyataka haya ni mwalimu, kunipanga kwenye mdahalo wa kesho niitetee nchi kubwa inayotaka kukivamia kisiwa jirani. Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kunong'ona.

Jioni niliijaribu hotuba jikoni. Nilisahau kwamba bibi ni mzaliwa wa kisiwa cha Wasini.

"Utashukia wapi, mume wangu?" akaniuliza, kama anavyoniita siku zote mimi mjukuu wake. "Kisiwa kizima mawe. Maji yakipwa, mashua zako zimekwama, nami nakutazama tu."

Nikamwambia nina meli kubwa na askari tele.

"Haya. Na umesema mwenyewe vipuri vya simu vyatoka huko kisiwani. Ukishawapiga mafundi, nani atakutengenezea?"

Nilibisha mpaka wali ukashika chini. Hapo bibi akatangaza vikwazo: asubuhi sipati mahamri mpaka niondoe majeshi.

Nilicheka, lakini naogopa. Kwa bibi maneno yalikuja yenyewe. Kesho nikikwama mbele ya darasa zima, hakuna wa kuniita mume wangu.

Basi alfajiri nitaondoa majeshi, nile nishibe, kisha nikavamie shuleni. Bibi asijue.