Mikono Uliyoihesabu Siku ya Msiba wa Baba

Kwako Shangazi uliye Moshi,

Barua hii haina shikamoo. Shikamoo niliiandika mara mbili, nikaifuta mara mbili.

Kiswahili hiki cha kuandika ulinifundisha wewe, kwa hiyo utakielewa. Jumapili moja baada ya kanisa tulipanda basi hapa Barking, huku Uingereza tunakoishi, tukaenda kuangalia nyumba yenye kibao cha kumbukumbu ukutani, ya yule mama wa Kiingereza aliyefungwa kwa kudai wanawake wapige kura. Ulinisimulia maisha yake kidogo kidogo: alivyogoma kula gerezani, alivyotoka akafungua zahanati ya wajawazito wa viwandani. Mimi ninayeogopa hata kuitikia jina langu darasani, nilisimama pale nikajiona mrefu.

"Alikuwa mwoga kama wewe," uliniambia. "Ila alikataa kusemewa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu la historia. Nimeyakata kwa kalamu nyekundu.

Baba alipofariki, chama chetu cha kuzikana kilikutana ukumbini kuamua azikwe hapa au nyumbani Moshi. Kila nyumba kura moja, na anayeinua mkono ni mwanamume wa nyumba. Mwanamume wa nyumba yetu ndiye aliyekuwa amekufa, kwa hiyo kura yetu akapewa baba mdogo wa Wembley. Wewe ulikuwa katibu, mwanamke pekee mezani. Sisi wanawake wengine mlituweka jikoni. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na friji, mimi nikaangalia sufuria ya wali.

Ulijua karatasi za ukaazi za Mama zilikuwa bado Home Office, kwa watu wa uhamiaji, maana fomu mlijaza pamoja mezani kwetu. Ulijua akitoka nchini hataruhusiwa kurudi. Alitaka Baba alale makaburi ya hapa, ili yeye aende kumwona kwa miguu.

Nilimshika Mama mkono tukatoka jikoni. Alisema neno moja tu, "Naomba." Hukumtazama. Ulinitazama mimi.

"Mrudishe mama yako jikoni, mwanangu, wali unaungua. Wifi, usiwe na wasiwasi, hapa tunakusemea."

Mzee mmoja akacheka kidogo. Nikamrudisha. Mlango ukiwa wazi nikakusikia unahesabu mikono kwa sauti ileile uliyonisomea vitabu. Baba akasafirishwa, ukamsindikiza, ukabaki huko. Mama alitazama mazishi ya mumewe kwenye simu yangu, na mtandao ulikatika kabla ya udongo.

Sasa unamtumia picha za kaburi. "Tumempumzisha vizuri, wifi." Huwa anajibu asante. Mimi nazifuta kwenye simu yake akishaziona, nikijua ni vibaya, na sijutii.

Kitabu chako cha maisha ya yule mama wa Kiingereza, ulichoniachia, nimekisoma tena. Nilikuwa natafuta mahali alipokaa mezani akahesabu kura za kuwanyamazisha wenzake. Sikupaona. Wewe ulikisoma kabla yangu, Shangazi. Ulikuwa unatafuta nini?

Jumamosi chama kinakutana kubadilisha katiba. Mama ameomba kila mtu mzima awe na kura yake, na amesema hataingia jikoni. Barua hii nitaisoma pale mbele yao, kisha nitakutumia. Nitatetemeka. Watasubiri.

Na kwa kuwa siku ile nilinyamaza, nakujibu leo. Wali haukuwa unaungua. Jiko nililizima mwenyewe kabla hatujatoka, ili Mama apate muda wa kuongea.

Mimi,
Binti wa wifi yako