Usiwatoe Barafuni

Hull, Uingereza
3 Novemba 1967

Mama yangu Mahfoudha,

Asalaam alaykum, na mikono naibusu. Magoti yako je? Mie mzima, ila baridi ya huku wallahi haina huruma. Ruhusa ya kuingia Maskati bado haijatoka. Mwambie Ami Amur asichoke kunisubiri. Binti yake Shaikha nilimchumbia Unguja kabla mapinduzi hayajatutawanya, na ni wangu.

Bibi mwenye nyumba ninayokaa kanionesha daftari la babu yake, baharia wa merikebu ya matanga iliyokwenda kaskazini ya dunia mwaka 1851. Bahari ikaganda, chombo kikabanwa, watu arubaini ndani. Miezi mitatu jua halikuchomoza! Nahodha, wasije wakaingiwa na wazimu, kawafanyisha michezo ya kuigiza. Mabaharia wenye ndevu wakavaa magauni. Nitakuandikieni yote.

Mwanao,
Harub


Matrah, Maskati
29 Januari 1968

Mwanangu Harub,

Alaykum salaam. Magoti yapo, yananiuma nami nayasema. Sote wazima, alhamdulillahi.

Barua yako kaisoma Shaikha, maana mwandiko wako mdogo, na macho yangu siku hizi hayauwezi. Nyumba ilijaa. Wanawake ndani, Ami yako na wenziwe barazani wametega masikio dirishani. Jirani yetu Bakhita kauliza: bila jua, sala ya magharibi wanaijuaje? Wakabishana mpaka kahawa ikapoa.

Sasa sikiliza. Aflah, yule mwenye duka la vitambaa, kamposa Shaikha. Ami yako anasema mwaka wa nne huu anakungoja weye, na karatasi haitoki. Shaikha kamjibu: "Baba, mie siolewi na mtu mpaka Wazungu wale watoke barafuni." Ami yako kacheka, kasema mbele ya wazee wote: "Haya, siku watakayotoka ndiyo nitakayokuoza." Na unamjua, neno akilisema barazani halirudi.

Basi mwanangu, chondechonde, usiwatoe!

Mamaako


Hull
16 Mei 1968

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa adabu zote. Nimecheka mpaka bibi mwenye nyumba kanigongea mlango. Mwambie Bakhita walikuwa na saa. Merikebu bado imebanwa kisawasawa, mbao zinalia, na mpishi katumbukia kwenye pipa la unga. Naandika ukurasa mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayemaliza halwa ya mwisho. Inshallah ruhusa itawatangulia.

Mwanao,
Harub


Hull
11 Juni 1969

Mama,

Nakusalimu. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Daftari limekwisha. Mwaka wa pili, majira ya joto, barafu ilipasuka, na watu thelathini na saba waliosalia hai wakarudi kwao wakiimba. Nimejaribu kuzua mwaka wa tatu, nikajikuta nawapikia Wazungu bokoboko letu la sikukuu. Nikaona aibu, nikaichana karatasi. Juzi nimejibiwa tena: hakuna ruhusa. Siwezi kumfungia mtoto wa watu namna hii. Mwambie Ami Amur wametoka. Shaikha aolewe na Aflah, nami nimeridhia.

Uongo, sikuridhia. Lakini mwambie hivyo.

Mwanao,
Harub


Matrah
2 Septemba 1970

Mwanangu mjinga,

Nakusalimu kabla sijakutukana. Umekula? Unalala? Mwaka mzima sikukuandikia kwa makusudi, maana ungeharibu.

Barua yako ile Shaikha kaifungua mbele ya watu. Nikamwona kaipitisha macho mpaka chini. Kisha kasoma, sauti kavu kabisa, kwamba merikebu imezidi kubanwa, vibaya kuliko mwanzo. Nami nikaamini! Watu walipoondoka ndipo aliponisomea ulichoandika. Kalia, kafuta uso, kaomba wino.

Tangu siku ile barua "zako" saba kaziandika yeye. Nahodha kampa ugonjwa wa meno, na dubu kazaa pacha juu ya sitaha. Aflah hakukosa kuja kusikiliza hata siku moja.

Sasa umesikia, tumepata Sultani mpya, nchi imefunguliwa, watu wetu wa nje wanaitwa warudi. Basi Ijumaa Shaikha kasoma barafu imepasuka. Bakhita kapiga vigelegele. Aflah kauliza mpishi kafika salama? Ami yako kafuta machozi, kasema: "Neno langu ni lile lile. Haya, nikuoze nani?"

Shaikha kakunja karatasi. "Yule aliyewatia barafuni."

Ami yako anauliza unafika lini. Njoo upesi, baba, maana nna hofu ukichelewa huyu atatusomea barua ya arusi yenu na weye hupo, na sote tutaamini.

Mamaako