Karatasi ya Kuchelewa

Osaka, 9 Aprili, mwaka wa sita tangu bahari ipande

Mwanangu Chinatsu,

Hujambo? Huko Yoshino baridi imepungua? Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo ni korofi tangu zamani. Maji yamefika ghorofa ya tatu ya duka hili kubwa ninamoishi. Mimi niko ya saba, kwa hiyo acha kunililia.

Reli yangu ndogo inakwenda vizuri. Vyuma nimevitoa kwenye miamvuli, na mataruma ya kulalia vyuma hivyo ni vijiti vya kulia tambi. Mji huu umeacha vijiti vya kutosha kufika Tokyo. Treni ni kopo la samaki, bado linanuka. Mama yako ni kile kifungo chekundu cha koti lake. Nimemweka dirishani, anapopenda. Zimebaki stesheni mbili.

Baba yako,
Hisanobu

Yoshino, 20 Aprili

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila wasiwasi umenijaa. Kuroda anayetubebea barua anasema lile daraja refu la juu ya maji, linalofika hapo dukani, limeanza kuinama, na atavuka mara mbili tu zaidi. Panda baiskeli yake, Baba, nakuomba. Amekubali kukubeba na hilo goti lako. Kifungo kitie mfukoni uje nacho.

Mwanao,
Chinatsu

Osaka, 2 Mei

Chinatsu mwanangu,

Marahaba. Wasiwasi umepungua? Kuroda nimemnywesha chai, nikamwambia baiskeli yake imechoka kuliko mimi. Amecheka, anaondoka peke yake.

Sasa nisikilize. Asubuhi ile bahari ilipopanda, nilikuwa zamu. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole nikatamka, "Njia salama!" kama mkuu wa stesheni anavyotakiwa. Treni ya saa mbili na dakika kumi na nne ikaondoka na mama yako, bahari ikaikuta njiani. Siwezi kuondoka kabla sijaifikisha. Imebaki stesheni moja. Maji yako ghorofa ya tano.

Baba yako,
Hisanobu

Yoshino, 11 Mei

Baba, shikamoo. Goti halijambo?

Nimesoma nikalia, kisha nikakasirika. Hakuna aliyejua, Baba! Mama mwenyewe angekuita mpumbavu kwa kubaki humo.

Unakumbuka zile karatasi ulizokuwa ukinigongea muhuri treni ikichelewa, nimwonyeshe mwalimu nisiadhibiwe? Nikawa nakubembeleza uniongezee dakika kumi nikanunue mkate, nawe ukaniongezea. Hii ni safari ya mwisho ya Kuroda. Chelewa utakavyo, lakini njoo.

Mwanao,
Chinatsu

Yoshino, 19 Mei

Baba, shikamoo. U mzima?

Kuroda amerudi peke yake. Anasema reli umeimaliza. Kopo likafika stesheni ya mwisho, yeye akapiga makofi, wewe ukalishika ukalirudisha mwanzo.

Hukumpa barua. Amenipa karatasi moja ya stesheni, yenye muhuri wako mwekundu: "Abiria: Hisanobu. Amechelewa kwa dakika . . ." Hapo umeacha wazi.

Daraja lilianguka mara tu alipovuka. Barua hii haina wa kuibeba. Naiandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Jaza namba, Baba. Yoyote. Nitangoja.

Mwanao,
Chinatsu