Sumaku Yako Ilianguka, Baba

Mwaka mzima umepita, Baba Sylvance, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na bado tunakueleza kila jambo la nyumba hii. Hili la leo tumelikawiza. Tusikilize bila kukasirika, ingawa sisi wenyewe tumekasirika sana.

Tunakumbuka Jumamosi zako. Hapa Shauri Moyo hakuna aliyepeleka gari la zamani kwa fundi wa bodi bila wewe. Hata Mohamednur alitoka Eastleigh na Datsun yake kuja kukuchukua. Mkifika gereji uliomba kuonyeshwa gari lililopakwa rangi miaka miwili iliyopita, si lile la jana. Kisha ulitoa sumaku yako ndogo, umeifunga kwa leso isikwaruze, ukaipitisha mlangoni. Penye bati ilishika. Penye kutu iliyofunikwa kwa fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, ilianguka, nawe ukaaga kwa heshima, mkatafuta gereji nyingine.

Tunakumbuka Pijo yako, 504 ya rangi ya maziwa, uliyoinunua ukiwa bado kazini reli. Wajawazito wa mtaa mzima uliwapeleka hospitali nayo, na hukuwahi kumwambia mtu apanguse viatu. Kila mlango ulikuwa na mwenyewe. Ulibandua ubao wa ndani, ukaandika majina kwa brashi: lako, la Mama, la Maurine, la Tobias, pamoja na tarehe tulizozaliwa. Ukarudisha ubao. Tulijua sisi wanne tu, na Nabiswa, rafiki yako wa reli, aliyekushikia mkebe wa rangi.

Baba, tulitaka Mama aende kwenye misa yako ya mwaka ndani ya Pijo iliyopakwa upya. Nabiswa, ambaye tangu astaafu reli ana gereji yake, alisema, "Hiyo ni kazi ya ndugu yangu. Msiipeleke kwa mtu mwingine." Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alibeba jeneza lako hadi Siaya, akalia kutushinda sisi wanao. Tungemtoleaje sumaku mtu kama huyo? Tuliona haya. Tulichagua gereji kwa machozi, kosa ambalo wewe hungelifanya.

Ililetwa inang'aa. Mama aliizunguka mara mbili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Kesho yake kishikio cha mlango wake kikakwama, Tobias akabandua ubao akitengeneze. Hapakuwa na jina.

"Maurine, leta sumaku," alisema. "Hizi milango si zetu."

Kwenye boneti ilishika. Kwenye milango yote minne ilianguka.

Tulimfuata Nabiswa gerejini. Hakukana hata kidogo. "Zile zilikuwa hazina kutu, na kuna mteja alikuwa anazitafuta," alisema. "Mama Maurine, kwani hizi hazing'ai? Sylvance ataona wapi?"

Mama alimjibu, "Nimeona mimi."

Imetuuma, Baba, na hatutaficha. Adui angetuibia tungelala tukaamka. Huyu alikula mezani kwako miaka thelathini, na alijua kilichoandikwa ndani ya milango ile. Hataki kusema alimpa nani. Mahali fulani jijini kuna mtu anafungua jina lako na kulifunga, wala hajui.

Pijo iko uani, tumeifunika kwa turubai. Mama amekataa kuipanda. Jumapili alikwenda misani kwa miguu, sumaku yako ikiwa mkobani, na tulitembea naye.

Wanaokukumbuka ni mkeo Aoko, wanao Maurine na Tobias, mjukuu wako Shirleen na dada yako Mirriam. Mwaka jana, katika tangazo la mazishi yako, baada ya Mirriam tuliandika "na ndugu yako Nabiswa". Safari hii Mama alichukua kalamu akalifuta jina hilo mwenyewe.

Wewe, Baba, hufutiki.