Chumvi Ilikuwa Kazi Yake

Mwenzangu, nimejifungia chumbani. Nimeaibika mbele ya watu kumi na mmoja.

Ile likizo ya kujifunza mapishi tuliyopanga na marehemu, nimekuja peke yangu kama ulivyonisihi. Leo tumepika supu ya samaki. Kila meza watu wawili, yangu nilikuwa mimi na kiti kitupu.

Mwalimu akaonja sufuria yangu, akakunja uso. "Mama, hii haina chumvi hata chembe. Umesahau?"

Nikamjibu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu atatia."

Nilisema hivyo. Mume wangu atatia. Miezi saba tangu tumzike.

Mzee wa meza ya jirani, aliyekwisha kunywa mvinyo wa kutosha, akatania, "Basi mwite huyo bwana, supu inapoa." Watu wakacheka. Mkewe akanitazama usoni, akamfinya mumewe.

Unajua kwetu ilivyokuwa. Miaka ishirini na sita mimi napika, yeye anakuja na kijiko chake, anaonja, anatia chumvi, halafu anajisifu kwa wageni kwamba mpishi ni yeye. Chumvi mimi sikuigusa.

Mwalimu akanisogezea kibakuli cha chumvi. Nikachota, nikabaki na mkono hewani. Sijui kiasi, mwenzangu. Nikaondoka.

Usinipigie, nitalia. Niandikie tu. Sufuria ya watu wawili unatia kiasi gani?

Hapana. Ya mtu mmoja.