Ng'ombe Ambaye Gentil Alimkataa

Cimpunda, Bukavu
Tarehe 15 Oktoba 2001

Mpendwa binti yangu Yolande,

Amani ya Bwana ikufikie huko Nairobi. Hujambo? Kile kikohozi ulichoniandikia kimepona? Sisi tupo. Goti langu hunisumbua nikipanda kutoka sokoni, na mke wangu, Maman Christine, ananicheka. Binti yako Élodie ni mzima. Ameota meno mawili ya mbele, makubwa kuliko uso wake.

Sasa niingie katika shauri lako. Uliniomba ndoa yenu iishe bila kelele, na mtoto aje kwako. Nilikubali kama Tonton wako, ndugu wa baba yako, maana wazazi wakiachana kwa vita, mtoto ndiye hubaki na majeraha. Lakini mtu mpole kupita kiasi hunitia mashaka. Mume wako Gentil alikuja kofia mkononi, akakubali kila neno kabla sijalimaliza. Nikajiuliza, huyu anaficha nini?

Nikueleze, kwa sababu ulilelewa na masista na mambo ya mila hawakukufundisha. Mume akirudishiwa ng'ombe wa mahari, hata mmoja, akampokea mbele ya mashahidi, ndoa imekatika. Asipopokea, kwa wazee wewe bado ni mke wake, na siku yoyote anaweza kumdai mtoto. Kati ya ng'ombe wako wanne, watatu walichukuliwa na wenye bunduki. Aliyebaki yuko kwa ndugu yangu Télesphore, kule mtaa wa Kasha. Nikamwambia Gentil aende kumchukua.

"Tonton, ile ng'ombe mubakie nayo tu."

"Unatupa zawadi?"

"Hapana, Tonton. Siitake tu."

Basi, nikasema moyoni, mtego ndio huu. Siku tatu nilimzuia Élodie asiende shule, nikiamini baba yake atamvizia njiani. Mtoto alilia, mimi sikulegea.

Siku ya nne nikamwita Gentil pamoja na mama yake, Maman Colombe, nikauliza waziwazi: unataka kumbakiza mtoto? Mama yake ndiye aliyejibu.

"Muzee Modeste, weye ulifundisha batoto miaka makumi tatu na hauone? Ile ng'ombe ikifika kwetu leo, kesho basoda banakuya nyuma yake. Banaichinja, na mutoto yangu banamubebesha nyama mupaka Bunyakiri!"

Hapo nikakumbuka kaka yake Gentil. Askari walimbebesha mizigo hivyo mwaka jana, na hadi leo hajarudi. Kijana aliona haya kumwambia mkwe wake kwamba anaogopa.

Niliaibika, lakini bado ndoa ilikuwa haijakatika. Nikawaeleza kwamba zamani za babu zetu jembe nalo lilikuwa mahari. Nikatoa jembe langu jipya.

"Jembe, sawa!" Maman Colombe akasema. "Hakuna soda mwenye anaiba kazi."

Tukacheka wote, hata Gentil. Akalipokea kwa mikono miwili mbele ya Télesphore na majirani wawili. Hata hivyo nilimwandikisha karatasi ya kumruhusu mtoto kusafiri, nikaisoma mara tatu kabla hajasaini, nikaisoma tena aliposaini.

Aliomba kitu kimoja tu: akae na Élodie Jumapili moja kabla ya safari. Ilikuwa jana. Nilikubali, ila nami nikaenda kukaa kwenye benchi la fundi viatu, mbele ya mlango wao, tangu misa ya kwanza. Aliniona. Saa sita akatoka, akaniletea ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akarudi ndani. Kabla ya saa tuliyopatana alimrudisha mtoto, nywele zimesukwa.

Keshokutwa Sista Lydie atavuka mpaka na Élodie, karatasi ya baba na barua hii zikiwa mkobani. Kwa hiyo unaposoma haya, mtoto yuko mbele yako. Akikuuliza habari za baba yake, usimjibu kwa hasira. Kumshuku Gentil nimekwisha kukufanyia, na kumetosha kwa ukoo mzima.

Maman Christine anakukumbatia. Télesphore na mkewe Eulalie wanakusalimu, na Maman Colombe pia, usishangae. Mungu akulindie nyumba yako, awape usingizi mwema wewe na mwanao.

Ni mimi nikupendaye daima,
Tonton wako Modeste