Taa Mpya za DX ya Baba

Molo, Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Jerry,

Leo ni tarehe mbili Machi, na nimejiahidi kukuambia yote, hata yatakayokuudhi. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Wewe na mama hapo mtaani Free Area, Nakuru, mko aje? Goti lake bado linauma kukiwa na baridi?

Ni kuhusu zile taa. Uliponirudisha shuleni jioni ile ya ukungu ulijivunia zile balbu zako nyeupe za xenon, ukasema gari la marehemu baba, ile DX, sasa linamulika kama uwanja wa mpira. Nilicheka nawe. Lakini niliwaona madereva waliotoka mbele yetu wakijifunika macho kwa mkono.

Wiki hii Mwalimu Chepkemboi ametufundisha vioo vilivyobonyea. Nilibaki darasani nikamuuliza kuhusu xenon, bila kutaja gari ni la nani. Akanichorea ubaoni. Alisema kile kioo kilicho nyuma ya balbu kilitengenezwa kwa balbu ya zamani, ili mwanga uinamie barabarani. Ukiweka xenon kwenye taa ileile, mwanga unatawanyika na kupanda juu, usoni mwa anayekuja. Hata ukipunguza taa, yeye bado haoni.

Tafadhali zirudishe za zamani. Askari wa getini atakupa barua hii ukipita na viazi.

Dada yako akupendaye,
Nerima

*

Nakuru, Jumatatu, 10 Machi 2025

Sasa Profesa,

Sisi tuko salama. Mama anakusalimu. Goti lake linajua hali ya hewa kuliko redio, leo limetangaza mvua.

Umenihubiria vizuri. Lakini huyo mwalimu wako amewahi kushuka mteremko wa Sachangwan kwenye ukungu na magunia ya viazi? Taa za baba zilikuwa kama mishumaa miwili. Mwezi wa kwanza nilimkosa punda kidogo tu, na mwenye punda akanitukana mpaka nikajifunza maneno mapya. Fundi Kiptanui alifunga hizi kwa asubuhi moja: akatoboa mfuniko wa nyuma ya taa, akapitisha waya, akakaza kisanduku chake cha umeme kando ya betri. Sasa naona mpaka panya akivuka.

Na madereva wanaoniwashia taa njiani hawalalamiki, dadangu. Wewe hujui desturi ya barabara. Wa mbele akikuwashia taa, anakuambia kuna polisi. Baba ndiye alinifundisha. Tangu niweke xenon watu wamekuwa wema ajabu! Juzi Jumamosi nikishuka Sachangwan, mwenye pikipiki mmoja aliniwashia, akazima, akawasha tena na tena. Nikainua mkono kumshukuru, nikaenda polepole mpaka kule chini Salgaa. Hakukuwa na polisi hata mmoja. Nikamwita mwongo, nikiwa peke yangu garini.

Soma kwa bidii. Barabara niachie mimi.

Kaka yako,
Jerry

*

Molo, Jumapili, 16 Machi 2025

Kaka Jerry,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini nyinyi pia.

Barua yako ilinifikia Alhamisi kwa posta. Wasichana wa bwenini walicheka niliposoma ile ya panya. Ya pikipiki sikuwasomea.

Mwalimu Chepkemboi hakuja darasani wiki nzima. Leo kwenye ibada tumeambiwa tumwombee mumewe, Bwana Weldon. Jumamosi ileile uliyonisimulia alikuwa anapanda Sachangwan kwa pikipiki akirudi nyumbani, akatoka barabarani. Alikutwa mtaroni. Hajafungua macho.

Najua pikipiki ni nyingi katika barabara ile. Najua, kaka. Naomba tu uniandikie upesi kwamba ni nyingi, nami nitaamini. Na kabla ya kushika kalamu, toa zile taa.

Dada yako,
Nerima

*

Molo, Jumamosi, 29 Machi 2025

Kaka yangu Jerry,

Natumaini hujambo. Nilikuulizia getini kila jioni. Askari anasema umeacha kupita.

Leo ni siku ya wazazi na mama amekuja peke yake. Ananisubiri kwenye nyasi na chapati zake, kwa hivyo naandika haraka. Ataibeba barua hii. Sijamwambia lolote.

Bwana Weldon amefariki na amezikwa. Mwalimu alirudi Jumatano. Amekonda, lakini alitufundisha mpaka kengele. Kisha akaniita mezani pake. Alisema mumewe alizinduka mara moja tu kabla ya kufa, akamwambia kuna gari lililokuwa likiteremka lenye mwanga mweupe uliomjaa machoni. Aliliwashia taa lipunguze, akaliwashia tena, halikupunguza. Halafu Mwalimu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Nerima, lile gari ulilokuja kuniuliza habari zake, ni la nani?"

Nilimwambia nitamjibu nikipata barua yako. Akasema, "Sawa, mama. Nitangoja." Kila siku akiingia darasani ananiangalia kwanza mimi.

Mama amenieleza kwamba umezing'oa xenon na kurudisha balbu za baba, na kwamba siku hizi unazungukia Njoro, hupiti tena Sachangwan. Nilifurahi, Jerry. Nilijiambia kwamba ni barua yangu iliyokugeuza moyo. Nikamuuliza mama ulizing'oa lini. Anakumbuka vizuri kwa sababu hukwenda kanisani: Jumapili, tarehe tisa. Hiyo ni siku iliyofuata ile Jumamosi. Jumatatu ndipo ukaniandikia unavyozifurahia, na mimi nikaisoma barua hiyo bwenini watu wakacheka.

Bado natumaini kuna jambo nisilolijua. Wewe ndiye uliyenifunza kuendesha baiskeli, hukuniachilia mpaka niliposema achilia. Siwezi kumdanganya Mwalimu, na siwezi kumjibu kabla yako. Basi nijibu kwa mkono wa mama, akirudi kunichukua tukifunga shule.

Ulipoinua mkono kumshukuru yule wa pikipiki, kisha ukatazama kioo cha nyuma, uliiona taa yake nyekundu ikiendelea kupanda?

Dada yako,
Nerima